Nukta na Vistari vya Kijapani

Wiki hii twende Japani. Mwaka 1854 Matthew Perry, kamanda wa manowari za Marekani, aliwapelekea Wajapani mtambo wa simu za maandishi. Alama za Morse zilipangwa kwa herufi 26 za Kizungu. Wajapani huandika kwa maelfu ya herufi zenye asili ya Kichina. Je, waiache lugha yao?

La. Walichukua kana, maandishi yao ya silabi, wakaipa kila silabi mlio wake. “Ga” haikutungiwa mlio: hupigwa “ka”, kisha nukta mbili, kama wanavyoitia vijistari viwili karatasini.

Hasara haikukosekana. Daraja na vijiti vya kulia huandikwa kwa herufi tofauti, lakini kwenye simu yote yakawa “hashi”; mpokeaji apambanue mwenyewe. Tena nukta na kistari, kwa Mzungu A, kwa Mjapani ni “i”. Ikabidi iwepo alama ya kutangaza: sasa ni Kijapani.

Nami nasema, mgeni hukaribishwa, lakini mwenye nyumba ndiye amwonyeshaye pa kuketi.