Sadaka na Miezi ya Mfunguo

Ramadhani iingiapo kumi la mwisho, mikono ya watu wa pwani, tangu Lamu hata Kilwa, hufunguka kwa ukarimu usioonekana katika miezi mingine: magunia ya mchele hupakiwa, tende hugawanywa, futari hupelekwa misikitini, na jumuiya za kila namna hupita zikiomba auni. Kheri hii si ya kubezwa. Lakini madhali mali ya mtoaji ina mpaka na haja za mafukara hazina, hapana budi achague. Na nionavyo mimi, aghalabu huchagua kwa kuitazama sikukuu, ilhali ingempasa kuitazama miezi iifuatayo.

Zakatul-fitri haimo katika maneno haya. Hiyo ni swaa moja ya chakula kiliwacho na watu wa mji, ambayo wazee wetu waliipima kwa pishi ya vibaba vinne, kwa kila roho iliyomo nyumbani hata mtoto mchanga, nayo hutolewa kabla ya sala ya Idi ili masikini asihangaike siku ile. Zaka ya mali nayo, sehemu moja katika 40, ina wastahiki wake wanane waliotajwa katika aya ya 60 ya Sura ya Tawba. Sadaka ndiyo iliyoachiwa hiari na akili ya mtoaji, nasi tumeifanya ifanane na fitri: chakula, siku chache, kisha basi.

Mwaka mmoja niliichangia jumuiya iliyokuwa ikigawa vyakula mjini Mombasa, na siku ya sita ya Mfunguo Mosi nikapita kumjulia hali bibi mmoja, mjane, aliyekuwa katika orodha yao. Chini ya kitanda chake palikuwa na mifuko mitatu ya tende, kwa kuwa waliomletea hawakuulizana. Mchele ulikuwa umebaki wa siku mbili. Na juu ya kimeza, chini ya kikombe, palikuwa na cheti cha dawa ya presha kilichokaa hapo tangu Shaabani bila ya kupelekwa dukani. Picha yake akipokea mfuko ilikuwa imekwisha kuenea katika simu za mtaa mzima. "Mwanangu," akaniambia, "chakula nimekula, Mungu awalipe. Lakini dawa hii ni ya kila siku."

Juu ya ile picha sina la kuiombea udhuru. Qurani imekataza sadaka kubatilishwa kwa masimango na maudhi, na uso wa mjane ulioonyeshwa watu ili wachangaji waridhike ni simango hata pasiposemwa neno. Jumuiya isiyojua kumsitiri imsaidiaye haifai kupewa amana, hata hesabu zake zikiwa safi kama maji ya mvua.

Wako, kwa upande mwingine, wadhanio kwamba jumuiya njema ni ile isiyomlipa mtu hata senti. Dhana hii sheria yenyewe haiikubali, kwani miongoni mwa wale wanane wamo wanaoitumikia zaka, na katika madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya wengi wa pwani yetu, fungu lao halipindukii thumni. Basi swali la haki si kama karani analipwa, bali ni kiasi gani, na je, mchangaji akiuliza ataonyeshwa daftari? Anayeulizwa akakasirika amekwisha kujibu.

Lakini la kwanza kuuliza, kwangu mimi, ni hili: Mfunguo Pili mtakuwa wapi? Sisi Waswahili tumeihesabu miezi yetu kwa kufungua saumu, Mfunguo Mosi hata Mfunguo Kenda, ndipo tukaingia Rajabu; na ni katika miezi hiyo tisa, isiyo na mwadhini wa sadaka, ambapo kodi ya chumba hudaiwa na mtoto hurudishwa nyumbani kwa ada. Wahenga wa dini waliliona hili. Umar bin Khattab alipopata ardhi ya Khaybar na kutaka shauri, Mtume alimwelekeza aizuie ardhi yenyewe na kuyatoa mazao yake. Na kwa msingi huo mashamba ya minazi na nyumba za kupangisha ziliwekwa wakfu pwani nzima, zikalisha misikiti, vyuo na mayatima baada ya waliozitoa kuwa mchanga. Unguja na Pemba mali hizo zina msimamizi wake, Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Mwenye kidogo naye asijione mnyonge, maana wachangaji 20 wakishirikiana hununua cherehani, au huezeka chumba ambacho kodi yake humsomesha yatima mwaka mzima.

Mimi na jirani wawili tulikwenda kwa mwenye duka la dawa mtaani kwa yule bibi, tukaweka fedha na kuandikisha cheti chake. Hakupigwa picha. Ulipoandama mwezi wa Mfunguo Kenda alikuwa bado akienda, asubuhi, na kikapu chake, kuchukua dawa.