GED: Kupata upya cheti kilichopotea

Cheti cha GED ni hati inayotolewa nchini Marekani kwa mtu ambaye hakumaliza sekondari shuleni lakini amefaulu mtihani unaopima ujuzi wa kiwango hicho. Kikipotea, kikiungua au kikiachwa nyuma katika kuhama, mwenyewe harudii mtihani. Matokeo ya aliyefaulu hayaishi muda wake, na rekodi hubaki kwa mamlaka iliyotoa cheti. Kazi iliyopo ni kuijua mamlaka hiyo, na hapo ndipo waombaji wengi hupotezea muda.

Mtihani huu ulianza 1942 chini ya American Council on Education, kwa ajili ya wanajeshi waliokatiza masomo kwenda Vita vya Pili vya Dunia. Mwaka 1947 New York ikawa jimbo la kwanza kuwafungulia raia. Kwa kuwa elimu ya Marekani iko mikononi mwa majimbo, halikuwahi kuundwa baraza moja la taifa zima mfano wa NECTA ya Tanzania au KNEC ya Kenya. Anayetunga mtihani si anayetoa cheti. Aliyefanyia mtihani Ohio na sasa anaishi Texas huomba Ohio. Texas haina habari zake. Hali ni hiyo hiyo kwa aliyesomea kwenye vituo vya mafunzo ya kazi kwa vijana vya Job Corps au gereza la jimbo: swali la kwanza ni kituo kilikuwa jimbo gani.

Mwaka 2014 mambo yakaongezeka ugumu. Mtihani ulihamishiwa kwenye kompyuta chini ya GED Testing Service, ubia wa American Council on Education na kampuni ya Pearson, na baadhi ya majimbo yakauacha yakachukua mitihani shindani, HiSET na TASC. New York ilitumia TASC tangu mwaka huo hadi mwisho wa 2021, kisha ikarudi kwenye GED. Mitaani vyeti vyote hivyo huitwa GED, ila anayetafuta rekodi atasaidika zaidi akiutaja mtihani wenyewe na mwaka wake. Aliyekuwa amefaulu baadhi tu ya masomo ya toleo la zamani hadi mwisho wa 2013 hana cheti cha kurudishiwa, kwa sababu alama zile zilikoma kuhesabiwa.

Majimbo mengi yamekabidhi kazi ya kutoa nakala kwa kampuni kama Parchment na DiplomaSender. Mengine hushughulikia yenyewe. Texas, kwa mfano, huweka vyeti kwenye mfumo wa wakala wake wa elimu, mwenye cheti akakitafuta na kukichapa. Mwombaji huulizwa jina, tarehe ya kuzaliwa, mwaka na mahali pa mtihani, na mara nyingi namba ya Hifadhi ya Jamii, pamoja na kitambulisho na saini. Ada na muda wa kusubiri hutofautiana. Kwa kawaida hadaiwi taarifa ya polisi ya upotevu wala tangazo la gazetini, taratibu ambazo Watanzania wengi wamezizoea wanapopoteza vyeti vyao.

Kabla ya kulipa chochote, inafaa kumuuliza mwajiri au chuo anataka nini hasa. Mara nyingi hawataki cheti kabisa. Wanachotaka ni transkripti, yaani orodha rasmi ya masomo na alama, tena iliyotumwa moja kwa moja na mtunza rekodi bila kupita mikononi mwa mwombaji. Cheti kizuri cha kutundika ukutani kinaweza kumfikia mtu wakati nafasi ya chuo imeshafungwa.

Maombi mengi hukwama kwenye jina. Rekodi hutafutwa kwa jina lililoandikwa siku ya mtihani, si la leo; aliyeolewa au kubadili uraia na jina huomba kwa jina la zamani na kuambatanisha hati ya mabadiliko. Kwa wazungumzaji wa Kiswahili waliofika Marekani kutoka kambi za wakimbizi za Nyarugusu na Kakuma, wengi wao wakiwa Wakongo waliohamishiwa miji kama Louisville na Dallas, tatizo hili ni zito. Majina matatu hugeuzwa mpangilio, la ukoo likawekwa mbele au la kati likaachwa. Wengi wao pia waliandikiwa kuzaliwa tarehe 1 Januari kwa kukosa hati. Aliyesahihisha tarehe hiyo baada ya kufaulu hataonekana kwenye mfumo akiandika ile sahihi. Ajaribu ile ya zamani, na ikishindikana aiandikie ofisi ya jimbo akieleza tarehe zote mbili.

Anayerudi Tanzania na hati hii kwa ajili ya kujiunga na masomo atahitaji kulinganishiwa na NECTA, hivyo aagize transkripti akiwa bado anayo njia rahisi ya kuwasiliana na jimbo. Kanada nayo ilikuwa na GED hadi ilipositishwa 2024 na kuachia nafasi mtihani wa nchi hiyo. Vyeti vilivyotolewa vinaendelea kuwa halali, na rekodi huulizwa kwenye mkoa husika.

Shida ya waliopoteza vyeti imezaa biashara ya tovuti zinazouza vyeti “mbadala” vyenye mihuri ya kupendeza, bila kuuliza mtihani ulifanyika wapi. Hati hizo haziungani na rekodi yoyote, na mwajiri akihakiki, mwenye sifa halali huonekana mghushi. Tafadhali anzia kwenye tovuti ya idara ya elimu ya jimbo, au kwenye akaunti ya GED kwa aliyefanya mtihani kuanzia 2014, na ufuate kiungo utakachopewa hapo tu.