Shiriki, Shirikisha, Shirikishwa

Maswa haina bahari. Maji makubwa tunayoyajua ni Nyanza, nako ni safari, pamoja na malambo ya kunyweshea ng'ombe. Kwa hiyo nilicheka peke yangu siku nilipoletewa kazi ya kutafsiri waraka kuhusu mipango ya matumizi ya bahari na mitambo ya umeme wa upepo inayosimikwa majini. Bahari ilitafsirika, upepo pia. Nilikwama kwenye neno lililojaa kila ukurasa: ushirikishwaji.

Hebu tulifumue. Nikishiriki, naingia mwenyewe. Nikishirikishwa, kuna aliyeniingiza. Kisha likavikwa u- mbele na -ji nyuma, likatoka limekuwa nomino nene ya semina. Njiani mwananchi, aliyekuwa mtenda, amegeuka mtendwa, na aliyemtenda hatajwi. Katiba ya 1977, ibara ya 8, inasema wananchi watashiriki katika shughuli za Serikali yao. Watashiriki, basi. Waliokuja baadaye na miongozo yao ndio waliorefusha mkia. (Mzizi huohuo umetuzalia pia ushirikina, lakini hiyo ni kesi ya siku nyingine.)

Niliwahi kukaa kwenye mkutano wa kijiji kimoja huku kwetu, chini ya mkwaju. Mradi siutaji. Daftari la mahudhurio lilizunguka kabla ya maelezo. Lilipomfikia mzee aliyekaa kando yangu, alilishika, akaligeuza juu chini, akaniuliza kwa sauti ya chini:

"Mwanangu, nikiweka dole hapa nimekubali, au nimefika tu?"

"Umefika tu, baba."

Akaweka dole, akafutia wino kwenye gome la mkwaju. Miezi kadhaa baadaye nilikuta hesabu ya madole yale kwenye ripoti, chini ya kichwa "Ushirikishwaji wa Jamii". Nilimdanganya mzee bila kujua.

Naye hakuwa mgeni wa mikutano. Usukumani kuna dagashida, mkutano wa jamii ambako watu wanajiwekea sheria na kumtoza anayezivunja. Kuna ngitili pia, malisho yanayofungwa wakati wa mvua ili ng'ombe wayakute kiangazi kikikaza. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulipoanza mwaka 1986, Maswa ilikuwa bado sehemu ya Shinyanga, maana Simiyu imezaliwa 2012. Nchi ilikuwa imebaki kipara. Kilichorudisha vichaka ni ngitili hizohizo, zikilindwa na sheria za dagashida; inakadiriwa zaidi ya hekta 300,000 ziliota upya. Mtaalamu alipokuja, watu walikuwa na pa kumketisha.

Baharini napo kuna tatizo ambalo sikuwahi kulifikiria nikiwa huku kwenye pamba. Mwananchi ni mwana wa nchi, na nchi inakanyagika. Mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji hupelekwa kwenye Mkutano Mkuu wa Kijiji, ambao wajumbe wake ni watu wazima wote wa kijiji, na anayebisha anaweza kuwapeleka wenzake mpaka kwenye jiwe la mpaka. Mvuvi anapajua mwamba wake, anajua kaskazi inamruhusu wapi na kusi inamzuia wapi, lakini hana kigingi cha kumwonyesha mtu. Mchora ramani akitazama, anaona maji matupu. Zanzibar iliunda wizara ya uchumi wa buluu mwaka 2020. Bara tunaandika bluu. Tofauti ya herufi moja hainisumbui. Nasumbuka kwamba rangi imepata wizara kabla mvuvi hajapata neno linalomtaja kama mwenye mahali.

Mtwara, mwaka 2013, watu waliukataa mpango wa bomba la kupeleka gesi Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 500. Kulitokea vurugu, na watu walipoteza maisha. Kauli yao ilikuwa fupi: gesi haitoki. Hakuna -ishwa humo wala -ji, kikanushi na kitenzi tu. Mara nyingi neno likishafika hapo, wakubwa huanza kusema wananchi wanahitaji elimu.

Halafu kuna mdau. Dau la pwani ni chombo. Dau la mchezoni ni fedha uliyoweka, ambayo ukishindwa inakwenda. Mdau halisi basi ana cha kupoteza. Siku hizi wadau ni wote waliopewa chupa ya maji na kalamu, na anayeweza kupoteza mwamba wake wa kuvulia anakaa nao meza moja kama mwenzao.

Ndani ya waraka wangu mlikuwa na ukurasa kuhusu Middelgrunden, mitambo 20 iliyosimikwa majini nje ya Copenhagen mwaka 2000. Nusu yake ilikuwa mali ya watu zaidi ya 8,000, kila mmoja na hisa zake. Hapo kalamu ilienda yenyewe. Mtu wa Maswa hakosi jina la jambo hilo, hata kama linamuuma: wakulima wa pamba waliunganisha vyama vyao katika shirikisho la Victoria mwaka 1955, na serikali ikavivunja vyama vikuu mwaka 1976. Niliandika ushirika, nikaituma kazi.

Ukurasa ulirudi umezungushiwa wino mwekundu. Pembeni mteja ameandika: "Nadhani hapa ulimaanisha ushirikishwaji."