Peugeot 404, resori na matope ya 1968

Mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki yalianza mwaka 1953, kwenye barabara ambazo dereva wa Kalemie–Nyunzu angezitambua mara moja: vumbi, mashimo, kisha matope. Mwaka 1968 mvua ilipiga sana. Magari 93 yaliondoka, yakafika 7 tu. Nick Nowicki alishinda na Peugeot 404, kama alivyoshinda 1963, mwaka mwingine ambao yalifika 7. Katikati, 1966 na 1967, mshindi alitoka ng'ambo ya ziwa: Bert Shankland wa Tanzania, naye na 404.

Nyuma ya 404 kuna resori za kujisokota, si lamu. Resori hubeba uzito, haizimi mruko. Kuzima ni kazi ya amortiseri, ambayo Kigoma wanaiita shokapu. Mafuta yake yakipata moto sana, nguvu inapotea na gurudumu linaacha udongo. Kwa hiyo gari kuukuu likikazwa resori peke yake, linaruka zaidi.

Lori la kurudisha familia vijijini ni vilevile. Likiongezwa lamu, amortiseri zikaachwa zinavuja mafuta, mama na watoto waliokaa nyuma kabisa, juu ya magunia, ndio wanaorushwa kwanza.