Mgogoro wa mkataba wa fransaizi hupelekwa mahakama ipi?

Anayetaka kufungua mgahawa kwa jina la kampuni kubwa husoma kwa makini kurasa za ada na mrabaha. Ibara inayotaja mahali pa kufungulia kesi huipita haraka, ingawa ndiyo inayoweza kuamua kama atamudu kudai haki yake.

Mkataba wa fransaizi ni ule ambao mwenye jina la biashara humruhusu mtu mwingine kulitumia, pamoja na taratibu zake za kazi, kwa malipo. Nchini Marekani, ambako biashara ya aina hii imeenea mno, kampuni nyingi hutaka migogoro yote isikilizwe karibu na makao makuu yao. Sababu yao inaeleweka, kwani kampuni yenye maduka katika kila jimbo haipendi kutawanya mawakili. Ila nauli, malazi na wakili wa ugenini humwangukia mwenye duka moja.

Hata pale ambapo mkataba hautaji mahakama, mwenye duka hana hakika ya kushitakiwa nyumbani. Mwaka 1985 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kuwa kampuni ya Burger King, iliyokuwa na makao yake Miami, ingeweza kumshitaki katika jimbo la Florida mfanyabiashara aliyekuwa na mgahawa Michigan. Majaji sita dhidi ya wawili walisema kuwa mkataba wa miaka 20, uliofuata sheria za Florida na kumtaka apeleke malipo Miami, ulitosha kumjulisha kwamba angeweza kuitwa huko.

Baadhi ya majimbo yamejaribu kuwakinga watu wake. Sheria za California na Michigan hubatilisha ibara inayomlazimisha mwenye duka wa huko kupeleka shauri nje ya jimbo. Huko New Jersey, mahakama ya juu ya jimbo ilisema mwaka 1996 kuwa ibara za namna hiyo katika fransaizi huchukuliwa kuwa batili, isipokuwa kampuni ithibitishe kwamba haikumshurutisha mwenzake kuzikubali.

Kinga hiyo ina tundu kubwa, nalo ni usuluhishi wa nje ya mahakama, unaolindwa na sheria ya shirikisho ya mwaka 1925. Mwenye duka la Subway huko Montana alifungua kesi katika mahakama ya jimbo lake, lakini ukurasa wa tisa wa mkataba ulitaka mgogoro usuluhishwe Bridgeport, Connecticut, upande wa pili wa nchi. Sheria ya Montana ilidai sharti la usuluhishi litangazwe ukurasa wa kwanza kwa herufi kubwa zilizopigiwa mstari. Mwaka 1996 Mahakama ya Juu iliitengua sheria hiyo. Kinga ya California nayo ilishindwa mbele ya sharti la usuluhishi mwaka 2001, katika mahakama ya rufani ya shirikisho.

Kanuni za shirikisho humtaka mwenye jina ampe mnunuzi waraka wa maelezo angalau siku 14 kabla ya kusaini au kulipa. Mahali pa kesi na pa usuluhishi huonyeshwa kwenye jedwali la Sehemu ya 17, na marekebisho yanayohusu jimbo fulani mara nyingi huambatishwa nyuma kabisa ya waraka huo.