Kisoma skrini: jinsi wasioona wanavyosoma tovuti kwa masikio

Mtu asiyeona anapofungua ukurasa wa habari katika simu au kompyuta, husikiliza. Programu iitwayo kisoma skrini humtamkia yaliyomo, neno kwa neno, naye huamua pa kusimama, pa kuruka na pa kurudia. Kwa njia hiyo husoma magazeti, hujaza fomu, hutuma fedha na kuwasiliana na jamaa walio mbali. Makala haya yanaeleza jinsi programu hiyo inavyofanya kazi, na kwa nini ukurasa wa Kiswahili unaosomeka vizuri kwa macho unaweza kuwa kelele tupu masikioni.

Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria kuwa watu wasiopungua bilioni 2.2 duniani wana upungufu wa kuona wa karibu au wa mbali. Si wote wanaohitaji kisoma skrini. Wengi husaidiwa na miwani, na wengine hukuza maandishi. Lakini kwa asiyeona kabisa, na kwa yule ambaye macho yake hayawezi tena kufuata mistari, programu hii ndiyo mlango wa kuingilia mtandaoni.

Kisoma skrini ni nini?

Kisoma skrini hugeuza maandishi na alama zilizo kwenye skrini kuwa sauti. Pia kinaweza kuyapeleka maandishi hayo kwenye kifaa cha nukta nundu, ambacho vijipini vyake hupanda na kushuka chini ya vidole vya msomaji.

Watu wengi hudhani kuwa programu hii huitazama skrini kama kamera inavyotazama mandhari. Sivyo. Kivinjari kinapofungua ukurasa, husoma msimbo uliotumika kuutengeneza na kupanga orodha ya vitu vilivyomo: hiki ni kichwa cha habari, hiki ni kiungo, hiki ni kitufe, hii ni picha. Kisoma skrini huichukua orodha hiyo na kuitamka. Kwa hiyo kinachosikika hutegemea alichokiandika mtengenezaji ndani ya msimbo. Maneno yaliyokolezwa kwa herufi kubwa huonekana kama kichwa cha habari, lakini yasipotambulishwa hivyo katika msimbo, kwa msikilizaji ni sentensi kama nyingine yoyote.

Kilikotoka

Katika miaka ya 1980 skrini nyingi za kompyuta zilionyesha maandishi matupu, na kuyageuza maandishi hayo kuwa sauti kulikuwa rahisi kuliko ilivyo leo. Mwaka 1989 ilitoka programu ya JAWS, iliyotengenezwa na kampuni ya Mmarekani Ted Henter, mwendesha pikipiki wa mashindano aliyepoteza uwezo wa kuona katika ajali ya gari mwaka 1978. Zilipokuja kompyuta zenye madirisha, picha na kipanya, kazi ikawa ngumu zaidi, nayo JAWS ikafuata mabadiliko hayo na kuenea maofisini. Bei yake, hata hivyo, iliwashinda wengi.

Mwaka 2006 Michael Curran wa Australia, ambaye haoni, alianza kuandika NVDA, kisoma skrini cha Windows kinachotolewa bure. James Teh, naye asiyeona, alijiunga naye. Hoja yao ilikuwa kwamba asiyeona hapaswi kulipa zaidi ya anayeona ili kutumia kompyuta ileile.

Kwenye simu mabadiliko yalikuja mwaka 2009. Apple iliingiza VoiceOver ndani ya iPhone 3GS, na katika mwaka huohuo simu za Android zikapata TalkBack. Tangu hapo mtu aliweza kununua simu ya kawaida dukani, akaikuta tayari ina programu ya kumsomea. Kwa Afrika Mashariki, ambako watu wengi huingia mtandaoni kwa simu kabla ya kugusa kompyuta, hatua hiyo ilikuwa na uzito mkubwa.

Kusoma kwa masikio

Jicho huupitia ukurasa kwa nukta chache na kuchagua linachokitaka. Sikio hupokea neno moja baada ya jingine. Kama msikilizaji angelazimika kusikia kila kitu tangu juu hadi chini, angechoka kabla hajafika kwenye habari yenyewe, kwa kuwa kurasa nyingi huanza na orodha ndefu ya viungo na matangazo.

Ndiyo maana visoma skrini vina njia za kuruka. Katika NVDA na JAWS, ukibonyeza herufi H unahamia kwenye kichwa cha habari kinachofuata. Tarakimu 1 hadi 6 hukupeleka kwenye vichwa vya ngazi mbalimbali. Herufi B hutafuta vitufe, na T hutafuta majedwali. Vitufe vya Insert na F7 vikibonyezwa pamoja hutoa orodha ya viungo vyote vya ukurasa. Kwenye simu, msomaji huteleza kidole juu ya kioo na kusikia kilicho chini yake; akigonga mara mbili, kitu hicho hufunguka. Wazoefu huongeza kasi ya sauti kiasi kwamba mgeni aliye karibu husikia mlio usio na maneno.

Taasisi ya WebAIM ya Chuo Kikuu cha Jimbo la Utah, Marekani, iliwauliza watumiaji wa visoma skrini wanavyotafuta habari katika ukurasa mrefu. Katika matokeo yaliyotolewa mwaka 2024, asilimia 71.6 walijibu kuwa huanza kwa kupitia vichwa vya habari. Hivyo ukurasa usio na vichwa vilivyotambulishwa humwacha msomaji kama mtu aliyepewa kitabu kisicho na sura wala namba za kurasa.

Viungo navyo vinahitaji majina yanayojitegemea. Mwandishi akiandika “bofya hapa” mara kumi, atakayeomba orodha ya viungo atasikia “bofya hapa” mara kumi, bila kujua kipi kinampeleka kwenye matokeo ya mitihani na kipi kwenye tangazo la biashara.

Lugha ya ukurasa

Kwa msomaji wa Kiswahili kuna jambo jingine, nalo ni dogo kwa kuandikwa na kubwa kwa athari. Kila ukurasa unaweza kutaja lugha yake mwanzoni mwa msimbo. Kwa Kiswahili ni herufi mbili tu: sw. Kisoma skrini kikizikuta, na kama kifaa kina sauti ya Kiswahili, kinaweza kuichukua sauti hiyo na kusoma. Kisipozikuta, kwa kawaida huendelea na sauti ya lugha iliyowekwa kwenye kifaa, ambayo mara nyingi ni Kiingereza.

Hapo ndipo Kiswahili kinapoharibika. Mji wa Same, mkoani Kilimanjaro, hutamkwa “seimu”. Neno “pole” hugeuka kuwa mlingoti wa Kiingereza, na “wake” huwa amri ya kuamka. Sentensi nzima iliyosomwa hivyo haieleweki, hata kwa anayezijua lugha zote mbili. Maandishi yaliandikwa kwa Kiswahili sanifu, mhariri aliyakagua, lakini yaliyofika masikioni si Kiswahili.

Jambo hili lina uchungu wa pekee, kwa sababu Kiswahili ni miongoni mwa lugha zinazoifaa sana mashine ya kutamka. Karibu kila herufi ina sauti yake isiyobadilika, na mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Yapo maneno machache yasiyofuata kanuni hiyo. “Barabara” ya kupitia magari na “barabara” yenye maana ya sawasawa huandikwa vilevile lakini mkazo wake hutofautiana, na mashine haiwezi kujua ni lipi lililokusudiwa. Hayo ni machache, na msikilizaji huyatambua kwa muktadha. Sauti za Kiswahili zipo pia: eSpeak NG, programu huria ya kutamka inayokuja pamoja na NVDA, ina Kiswahili, na huduma ya Google ya kutamka maandishi kwenye simu za Android inacho vilevile. Sauti ya eSpeak NG ni kavu na ya kimashine, lakini hutamka Same kama wenyeji wanavyoitamka.

Tatizo mara nyingi huanzia kwenye kiolezo. Mtengenezaji huchukua kiolezo cha tovuti kilichokwisha kutambulishwa kuwa cha Kiingereza, akaweka habari za Kiswahili ndani yake, wala asikumbuke kubadili herufi mbili za mwanzo. Mwaka 2024 WebAIM ilikagua kurasa za mwanzo za tovuti milioni moja zinazotembelewa zaidi duniani, na ikakuta asilimia 17.1 hazikutaja lugha yoyote. Hesabu hiyo haikuingiza kurasa zilizotaja lugha isiyo yake.

Vizingiti vingine

Ukaguzi huohuo ulionyesha kuwa asilimia 54.5 ya kurasa zilikuwa na picha zisizo na maelezo ya maandishi. Picha ya namna hiyo husikika kama neno “picha” tu, au kama msururu wa herufi na tarakimu za jina la faili. Katika eneo letu kosa hili lina sura inayofahamika: tangazo la ofisi huandikwa, hupigwa muhuri, hupigwa picha, kisha picha hiyo hubandikwa mtandaoni peke yake. Anayeona husoma kila neno, na asiyeona hubaki bila hata kujua tangazo linahusu nini. Programu za kutambua herufi ndani ya picha zipo, lakini muhuri, kivuli au karatasi iliyopinda huzipotosha.

Asilimia 48.6 ya kurasa zilikuwa na visanduku vya fomu visivyo na majina katika msimbo. Macho huona neno “Namba ya siri” juu ya kisanduku, lakini sikio husikia “sehemu ya kuandika”, kisha kimya. Msomaji hubaki kubahatisha au kumwita mtu. Akimwita mtu ili amsaidie kuingia kwenye akaunti ya benki, amempa pia namba ya siri na salio lake. Fomu ya hospitali humfichulia msaidizi ugonjwa. Heshima ya mtu mzima kushughulikia mambo yake mwenyewe inaweza kupotea kwa kukosekana jina la kisanduku kimoja.

Jaribio la kuthibitisha kuwa mtumiaji ni binadamu, linalotaka achague picha zenye magari au taa za barabarani, humfungia nje binadamu asiyeona ikiwa halina njia mbadala. Na kwenye kurasa za redio na televisheni kuna kero nyingine: matangazo ya moja kwa moja yanayoanza kulia yenyewe ukurasa unapofunguka. Sauti hiyo huifunika ya kisoma skrini, na msomaji hushindwa kusikia kilipo kitufe cha kuizima.

Sheria na viwango

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, uliopitishwa Desemba 2006, unazitaka nchi wanachama kuhakikisha watu wenye ulemavu wanafikia habari na mawasiliano, ikiwemo intaneti. Kenya, Uganda na Rwanda ziliuridhia mwaka 2008, Tanzania mwaka 2009, Burundi mwaka 2014 na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo mwaka 2015. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 54, inataja haki ya mtu mwenye ulemavu kutumia nukta nundu na njia nyingine za mawasiliano zinazomfaa.

Kwa upande wa ufundi, mwongozo unaotumika duniani ni WCAG, unaotolewa na shirika la viwango vya mtandao, W3C. Toleo la kwanza lilitoka mwaka 1999, la pili mwaka 2008, na toleo la 2.2 lilitoka Oktoba 2023. Mwongozo huo unataka ukurasa utambulike kwa njia zaidi ya moja, utumike bila kutegemea kipanya, ueleweke, na ufanye kazi na vifaa mbalimbali. Kutaja lugha ya ukurasa ni sharti la ngazi ya chini kabisa katika mwongozo huo, ngazi ambayo kila tovuti inatazamiwa kuitimiza kabla ya nyingine.

Pa kuanzia

Mwenye kuhitaji kisoma skrini hana lazima ya kununua kitu. NVDA hupakuliwa bure kwa kompyuta za Windows. TalkBack hupatikana katika sehemu ya ufikivu kwenye mipangilio ya simu nyingi za Android, na VoiceOver imo katika kila iPhone. Kinachohitajika ni subira ya siku za mwanzo. Ni vyema pia kuweka sauti ya Kiswahili kwenye kifaa mapema, kwa kuwa hata ukurasa uliotaja lugha yake hautasomwa sawasawa ikiwa sauti hiyo haipo.

Kwa mwenye tovuti, ukaguzi wa kwanza huchukua dakika kumi. Aweke kipanya kando na kuzunguka ukurasa wake kwa kitufe cha Tab peke yake. Kisha awashe kisoma skrini, afumbe macho, ajaribu kuipata habari kuu ya siku na kuisikiliza mpaka mwisho. Akisikia Kiswahili chake kikitamkwa kwa lafudhi ya lugha nyingine, amekwisha kujua pa kuanzia marekebisho: ni zile herufi mbili za juu.