Usugu wa Bakteria na Uchaguzi wa Dawa

Sugu, kwa maana yake ya asili, ni ngozi iliyokuwa ngumu kwa kusuguliwa mara kwa mara, mathalan na mpini wa jembe. Kwa bakteria, mfano huo una kasoro: walio dhaifu hufa, na wachache wenye kuihimili dawa husalia na kuzaana. Kwa hiyo achaguaye dawa huchagua pia bakteria watakaobaki.

Katika hospitali ya Hammersmith, mjini London, Daktari Mary Barber aliona stafilokoki sugu kwa penisilini wakiongezeka kutoka asilimia 14 katika mwaka 1946 hata kufikia 59 katika mwaka 1948. Baadaye matumizi ya penisilini yalizuiliwa, na dawa nyingine zikatolewa kwa utaratibu. Katika mwaka 1960 yeye na wenzake walieleza kwamba usugu umepungua.

Wengine waliitumainia dawa mpya, methisilini. Lakini katika mwaka 1961 ilitangazwa kwamba stafilokoki sugu kwake wameonekana huko huko Uingereza. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani, katika mwaka 2017, liliziainisha dawa hizi kwa mafungu matatu, la mwisho likiwa akiba ya wagonjwa wasio na tiba nyingine. Akiba itumiwayo kila siku si akiba tena.